Namba Sita, Baba, na mkato mmoja

Sikupanga kumwonyesha Baba The Prisoner (yaani Mfungwa), tamthilia ya televisheni ya Uingereza ya miaka ya 1960. Nisingethubutu. Baba haoni. Presha ya macho ilianza na jicho la kushoto, ikahamia la kulia, na sasa uwezo wake wote ni kutofautisha dirisha na ukuta. Televisheni kwake ni redio yenye umbo kubwa: anasikiliza taarifa ya habari, anasikiliza mpira, basi.

Jioni hiyo nilikuwa naangalia peke yangu, kwa mara ya nne au ya tano, nikidhani amesinzia kitini. Radi ikanguruma. Gari likaunguruma. Hatua za mtu mwenye hasira kwenye korido ndefu, milango ikafunguliwa, halafu ngumi mezani na chombo kikapasuka.

"Huyo anagombana na nani?" Baba akauliza.

"Na bosi wake, Baba. Anaacha kazi."

"Kwa fujo hiyo? Ametoa notisi ya mwezi mmoja?"

Hapo ndipo ilipoanza. Vipindi 17, kila Jumanne na Ijumaa, mimi nikisimulia na yeye akisikiliza, ameinamisha kichwa upande wa kulia kama mtu anayesikiliza saa ya mkononi. Nilidhani namfanyia hisani. Nilikuwa naipenda tamthilia hiyo tangu kaka yangu aniachie kasha la diski zake, na nilijiona mtaalamu. Nilikuwa najua mengi kweli. Kuisikia tu ndiyo nilikuwa sijawahi.

Inabidi mjue kwanza kwamba Baba alikuwa karani wa masjala kwa miaka 31. Maisha yake yote ya kazi yamepita katikati ya majalada. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo unamsimulia ule utangulizi maarufu: bwana mmoja, mpelelezi wa serikali ya Uingereza, anaendesha gari dogo la Lotus kuingia London, anateremka chini ya ardhi, anampigia meza ofisa aliyekaa kimya, anaondoka. Huku nyuma mashine ya kuchapa inapiga alama za X juu ya picha yake, mkono wa chuma unaichukua kadi na kuitumbukiza kwenye droo iliyoandikwa kwamba amejiuzulu. Safu ya makabati haina mwisho.

"Ngoja," Baba akasema. "Hiyo kadi imewekwa droo siku hiyohiyo?"

"Dakika hiyohiyo."

"Hata mafao hajalipwa. Huyo hajajiuzulu, huyo amefutwa." Akatikisa kichwa. "Endelea."

Nikaendelea. Bwana yule anafika nyumbani kwake, anapanga masanduku ya safari. Gari la kubeba maiti linasimama nje. Moshi unaingia kwenye tundu la ufunguo. Anaanguka. Anaamka, chumba ni kilekile, anafungua pazia, na nje si London tena. Ni Kijiji. Minara ya rangirangi, makuba, sanamu, bustani zilizokatwa kwa mkasi, vipaza sauti vinavyowatakia watu asubuhi njema kwa sauti laini ya mwanamke (ni Fenella Fielding, ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye tamthilia). Watu wamevaa majoho ya mistari na kubeba miavuli ya rangi. Kila mtu ana beji yenye baiskeli ya zamani, ile ya gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, na namba. Hakuna majina. Yeye ni Namba Sita. Anayeongoza ni Namba Mbili, na anabadilishwa karibu kila kipindi. Wanataka kujua jambo moja tu: kwa nini uliacha kazi?

Na hatujibiwi. Vipindi 17, hatujibiwi. Wala jina lake hatuambiwi.

Mahali hapo ni pa kweli, na kwangu ni nusu ya utamu. Ni Portmeirion, kaskazini mwa Wales, kazi ya msanifu majengo Clough Williams-Ellis, aliyeanza kupajenga mwaka 1925 na kupamaliza mwaka 1975, akikusanya vipande vya majengo ya zamani na kuvipandikiza kwenye mteremko juu ya mlango wa mto. Maji yakikupwa, mchanga unabaki mtupu mpaka mbali, na ndiyo maana Namba Sita ana uwanja mpana wa kukimbilia bila kufika popote. Waliwasili kupiga picha mwezi Septemba 1966, na picha nyingi za ndani walizifanyia kwenye studio za MGM, Borehamwood. Jina la mahali walilificha mpaka kipindi cha mwisho, ndipo likaandikwa kwenye utangulizi kwa shukrani.

Nikamweleza Baba rangi zote hizo kwa bidii, mpaka akanikatiza. "Watu wa mwaka huo walikuwa na televisheni za rangi?"

Nikanyamaza. Ni kweli. The Prisoner ilipigwa kwa filamu ya rangi, na kituo cha televisheni cha ITV kilianza kuirusha Septemba 1967 na kuimaliza Februari 1968, wakati matangazo ya rangi ITV yalianza Novemba 1969. Kwa hiyo Waingereza wa kwanza kuitazama waliona minara ya kijivu, miavuli ya kijivu, bahari ya kijivu.

"Basi na wao walisimuliwa," Baba akasema.

Tatizo langu kubwa halikuwa rangi, lilikuwa lugha. Baba Kiingereza anakijua, lakini ni kile cha barua za kiofisi; wakizungumza haraka kinampita. Kwa hiyo nikawa natafsiri papohapo. Karibu kila kipindi kinafunguliwa na mahojiano mafupi yaleyale kati ya Namba Sita aliyeamka na Namba Mbili mpya. Usiku wa kwanza nikatafsiri hivi:

"Niko wapi?"

"Kijijini."

"Mnataka nini?"

"Habari."

"Nzuri," Baba akajibu.

Tulicheka mpaka ikabidi nirudishe nyuma. Kuanzia hapo nikawa nasema "taarifa", lakini neno la kwanza halikunitoka. Katika Kijiji hicho kila mtu anakusalimia, kila mtu anakutakia siku njema, na kila salamu ni mahojiano. Mtu akikuuliza habari, anataka habari kweli.

Kuna salamu yao nyingine, ya kuagana. Wanaunda duara kwa kidole gumba na cha shahada, wanalipeleka jichoni, wanalipunga, na kusema maneno ambayo nilikuwa natafsiri "tutaonana" bila kufikiri mara mbili. Baada ya vipindi vitatu hivi Baba akanisahihisha. Akasema, "Tutaonana ni mimi nikuone na wewe unione. Hao wana kamera, sivyo?" Ndiyo, Baba, wana kamera mpaka kwenye macho ya masanamu. "Basi hawaonani. Mmoja anaona, mwingine anaonwa. Sema nitakuona." Nimesoma makala nyingi za mashabiki kuhusu ishara ile ya vidole, na sikumbuki hata moja iliyonieleza jambo hilo kwa ufupi kama kiambishi kile cha kutendana alichokikataa mzee asiyeona.

Nilibadilisha. Kuanzia kipindi cha nne wanakijiji wetu wakawa wanaagana kwa "nitakuona", na ikatisha kweli.

Halafu ile kauli yake maarufu, anayoipiga kelele ufukweni: kwamba yeye si namba, ni mtu huru. Hapo Baba hakuridhika na "mtu huru". Akasema neno lipo, ni muungwana. Nikamwambia muungwana siku hizi ni mtu mwenye adabu, na huyu bwana adabu hana kabisa, anafokea hadi wahudumu. "Hiyo ni maana ya juzi," akasema. "Zamani muungwana ni asiye mtumwa. Adabu ilikuja baadaye." Akafikiri kidogo. "Na huyu wako anayo ile ya kwanza, ya pili hana."

Hiyo ndiyo tathmini sahihi kuliko zote nilizopata kusikia juu ya Namba Sita, na naamini Patrick McGoohan mwenyewe angeikubali. McGoohan ndiye aliyekuwa kila kitu humo: mbunifu, mwigizaji mkuu, mtayarishaji mtendaji. Alikuwa ametoka kwenye Danger Man, tamthilia ya upelelezi, akiwa nyota, mtu aliyekwisha kukataa kuwa James Bond, na akamwendea Lew Grade, mkuu wa kampuni ya televisheni ya ITC, na wazo lisilo na kichwa wala miguu, akapewa fedha. Alitaka vipindi 7 tu, Grade alitaka 26 ili auze Marekani, wakaishia 17. Baadhi aliandika na kuongoza kwa majina ya bandia: Paddy Fitz ndiye mwandishi wa "Free for All", na Joseph Serf ndiye mwongozaji wa viwili vingine, nao wote wawili ni yeye. Serf, kwa wasiojua, ni mtumwa wa shambani wa enzi za makabaila. Mtu huru anayejiita mtumwa. Simwelewi vizuri mpaka leo, na ndiyo maana narudi.

Kuna mzozo wa mashabiki usiokwisha: je, Namba Sita ndiye John Drake, yule mpelelezi wa Danger Man? George Markstein, aliyekuwa mhariri wa hadithi, alisema ndiye. McGoohan alikana. Markstein aliondoka kabla kazi haijaisha, wakiwa hawapatani, lakini uso wake haukuondoka. Yule ofisa anayekaa kimya mezani wakati wa ngumi, kipindi baada ya kipindi, ndiye yeye.

Baba alikuwa na vipindi vyake.

Cha kwanza ni "The Chimes of Big Ben", na hapa niseme kwa kujivunia kwamba Baba alimshinda Namba Sita. Mwanamke anayeitwa Nadia anamwambia kwamba Kijiji kipo Lithuania. Wanatoroka kwa mashua yenye tanga lililotengenezwa na zulia la ukutani, mtu wao wa Poland anampa Namba Sita saa ya mkononi, wanasafirishwa ndani ya sanduku la mbao, na hatimaye yuko London, ofisini, mbele ya wakubwa wake wa zamani, na anafungua kinywa aseme kwa nini aliacha kazi. Kengele za Big Ben, ile saa kubwa ya mnarani London, zinalia. Saa mbili.

"Saa yake inasema ngapi?" Baba akauliza.

"Hajaitazama bado."

"Aitazame. Kama aliitegesha Poland haiwezi kulingana na ya London."

Nilisimamisha picha. Nilimtazama. Mtu aliyeishi na redio anajua kwamba saa hutofautiana kati ya nchi na nchi. Mimi mara ya kwanza nilihitaji kuelezwa. Namba Sita anaitazama: saa mbili kamili. Ofisi ni ya uongo, London ni sauti iliyorekodiwa kwenye kanda, na mlango ukifunguliwa nje ni Kijiji kilekile. Kengele zile ni mtego wa masikio, nami nilikuwa nimeziangalia muda wote huo kwa macho.

Cha pili ni "Hammer into Anvil". Namba Mbili wa humo, Patrick Cargill, ni katili, na mwanamke mmoja anakufa kwa sababu yake. Namba Sita anaamua kumlipizia bila kumgusa. Anakwenda duka la muziki, anasikiliza nakala kadhaa za santuri ileile ya L'Arlésienne, muziki wa Bizet, huku akitazama saa, kana kwamba anatafuta ujumbe wa siri. Anaficha bahasha kwenye mashua ya mawe iliyopo Kijijini. Namba Mbili anaichukua, anaikuta na karatasi tupu, anaipeleka maabara. Mtaalamu anarudi na kusema karatasi hizi hazina kitu. Namba Mbili anamshuku mtaalamu.

Baba alicheka mpaka machozi. "Karatasi tupu imepelekwa maabara! Nimeyaona hayo. Nimeyaona!" Na akaanza kunisimulia visa vya masjala ambavyo sitaviandika hapa kwa sababu baadhi ya wahusika wangali hai. Tulimaliza kipindi usiku wa manane. Mwishoni Namba Mbili anajishitaki mwenyewe kwa simu kwa wakubwa wake, na Baba akasema ndivyo inavyokuwa: ukianza kutafuta kilichofichwa kwenye kila jalada, jalada la mwisho ni lako.

Cha tatu kilimchekesha kwa namna nyingine. "Free for All" ni uchaguzi: Namba Sita anagombea nafasi ya Namba Mbili. Mwandishi wa gazeti la Kijiji anamuuliza sera zake, yeye anakataa kusema lolote, na mwandishi anaandika palepale kwamba mgombea ameahidi kupigania uhuru kwa gharama yoyote. Kila akinyamaza, gazeti linampa maneno mazuri zaidi. Baba akasema mgombea mwenye akili ni huyo.

Lakini "Do Not Forsake Me Oh My Darling" kilituharibia Ijumaa nzima. McGoohan alikuwa Marekani akiigiza filamu ya Ice Station Zebra, kwa hiyo wakatunga hadithi ya akili ya Namba Sita kuhamishiwa kwenye mwili wa mtu mwingine, ambaye ni Nigel Stock. Mimi nilikuwa nakiona kipindi dhaifu lakini kinachovumilika. Kwa Baba hakikuwezekana.

"Huyu nani?"

"Ni yeye, Baba. Amewekwa mwili mwingine."

"Sauti si yake."

"Mwili ni mwingine, akili ni yake."

"Mwanangu, mwili mimi siuoni. Sauti si yake, basi si yeye."

Sikuwa na jibu. Tulikizima katikati. Kinyume chake, "The Schizoid Man", ambacho wanamletea Namba Sita pacha wa bandia anayeigizwa na McGoohan huyohuyo, kilimchanganya hasa, na alifurahi kuchanganyikiwa kwa sababu hata mimi niliyekuwa na macho nilikuwa nawachanganya. Wamemfundisha usiku kwa usiku kutumia mkono wa kushoto, wamembandika namba 12, na sasa anahangaika kuthibitisha kwamba yeye ndiye Namba Sita halisi. "Juzi alikuwa analikataa jina hilo," Baba akasema. "Leo analipigania." Nikamwambia ndiyo ujanja wenyewe. Akasema anajua kwamba ndiyo ujanja, alikuwa ananisaidia mimi.

Mlinzi wa Kijiji ni puto. Hakuna namna nyingine ya kulisema: puto kubwa jeupe linaloibuka majini, linaunguruma, linamfukuza mtoro na kumfunika uso mpaka azimie. Linaitwa Rover. Hapo mwanzo walitengeneza mashine ya kutambaa na kuelea, ikawashinda palepale Portmeirion, wakahamia kwenye maputo ya kupimia hali ya hewa. Nilimweleza Baba kwa hofu kwamba atalidharau. Aliuliza kwa nini watu hawalitoboi. Lakini sauti yake iliposikika safari ya pili, ule mngurumo uliochanganyika na pumzi, aliacha kuuliza. Nadhani yeye alikuwa na Rover la kutisha kuliko langu. Langu lina umbo la puto.

"Checkmate" ningekiruka, lakini kina jambo lililonisaidia mwishoni. Watu wanacheza sataranji wakiwa wao wenyewe ndio kete. Namba Sita anagundua njia ya kuwatambua wafungwa na walinzi: anawaamuru, na wanaotii haraka ni wafungwa. Anawakusanya hao wanyonge, wanapanga kutoroka. Mpango unakufa kwa sababu wenzake walimpima kwa kipimo chake mwenyewe. Aliamuru kama bwana mkubwa, wakaamini ni mlinzi. Baba hakusema kitu usiku huo, alitoa tu ile "mm" yake ndefu.

Sasa nije kwenye mkato.

Kwenye yale mahojiano ya utangulizi, Namba Sita anauliza: Namba Moja ni nani? Na Namba Mbili anajibu, "You are Number Six." Mimi nilikuwa natafsiri, usiku baada ya usiku: "Wewe ni Namba Sita." Yaani, usiulize maswali, jua nafasi yako. Ndivyo kila mtu anavyosikia mara ya kwanza. Kiingereza lakini kina mlango wa nyuma hapo. Ukiweka mkato baada ya neno la pili, sentensi inageuka kuwa jibu la swali: ni wewe, Namba Sita. Mashabiki wanaujua mkato huo. Nilikuwa naujua pia, na niliutunza kama zawadi ya usiku wa mwisho. Kiswahili hakiniruhusu kuubeba ukiwa umefichika: ama unasema "wewe ni Namba Sita", ama "ni wewe, Namba Sita". Lazima uchague, na ukichagua umeshatoa siri. Nikachagua ya kwanza, nikamdanganya Baba majuma yote hayo kwa nia njema.

Tukafika kwenye "Once Upon a Time", ambapo Leo McKern anarudi kuwa Namba Mbili. Alipofungua kinywa tu Baba akasema, "Huyu tumeshakutana naye. Wa kengele." Halafu "Fall Out", cha mwisho. Kati ya kupigwa picha hivi viwili ilipita karibu mwaka mzima, na McKern alikuwa amekwisha kunyoa ndevu, ikabidi watunge sababu ya kumnyoa ndani ya hadithi. Kwa Baba sauti ilikuwa ileile, kwa hiyo kwake haikuwa hitilafu.

Jinsi ya kusimulia "Fall Out" mimi sijui. Kuna baraza la watu waliojifunika nyuso kwa vinyago, nusu nyeusi nusu nyeupe. Kuna jaji. Kuna roketi. Kuna wimbo wa Beatles huku risasi zinapigwa. Namba Sita anapewa kiti cha enzi na ruhusa ya kuzungumza, anasimama na kuanza, "Mimi," na baraza zima linaitikia "Mimi! Mimi! Mimi!" mpaka sauti yake haisikiki. Mtu aliyetaka kuwa mimi amezamishwa ndani ya neno lake. Nilisema "mimi" hizo zote kwa sauti, sebuleni, kama kichaa.

Kisha anapanda ngazi, anamkuta Namba Moja, mwenye joho na kinyago. Anamvua kinyago. Chini yake kuna kinyago cha nyani. Anakivua. Chini yake kuna uso unaocheka.

Nikasimamisha picha. "Ni wake, Baba. Ni uso wake mwenyewe."

Waingereza wengi walikasirika kwa mwisho huo. Baba alitulia tu. Nikamwambia sasa nikueleze siri, ule mstari wa mwanzo niliutafsiri kwa njia moja lakini ipo ya pili. Nikaeleza mkato. Nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa.

"Swali lilikuwa nini?" akauliza.

"Namba Moja ni nani."

"Na jibu likatolewa. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, limeingia kwenye kumbukumbu. Wewe ndiye uliyeona halikujibiwa." Akageuza kichwa upande wangu. "Mimi tangu ile ya sataranji nilijua. Anayeamuru vile hawezi kuwa namba sita."

Tulimalizia. Namba Sita, Leo McKern, kijana anayeigizwa na Alexis Kanner na mtumishi mfupi asiyesema, Angelo Muscat, wanaingia London kwa lori, wanacheza barabarani. Majina ya waigizaji yanaandikwa mmoja mmoja juu ya picha zao. Ikifika zamu ya McGoohan, akiwa ndani ya Lotus, hakuna jina. Limeandikwa neno moja: mfungwa. Mtumishi anakwenda kwenye nyumba ya bwana wake, na mlango unafunguka wenyewe, kwa sauti ileile ya milango ya Kijijini. Radi inanguruma, Lotus inakuja barabarani, na picha ya mwisho ni ile ya kwanza.

Baba aliusikia mlango huo kabla sijamwambia. Aliinua kidole.

"Hiyo nyumba yake ya London. Iko mtaa gani?"

"Buckingham Place."

"Namba?"

Sikuwa nimewahi kuangalia. Mara nne au tano nzima, na makala zote zile, sikuwa nimewahi. Nikarudisha nyuma, nikasogea mpaka karibu na kioo, nikausoma mlango.

"Moja, Baba."

"Haya," akasema, akipapasa fimbo yake. "Funga jalada."